Kabla ya Kukwangua Rangi ya Zamani

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba, na kila ninapoitwa kwenye nyumba kuukuu huuliza kwanza: humu kuna mtoto mdogo au mama mjamzito? Kama yupo, siku ya kukwangua kuta asiwepo, wala asirudi mpaka usafi uishe.

Nachelea risasi, si ya bunduki bali madini yenye sumu yaitwayo "lead" kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi madini hayo yalitiwa kwenye rangi ili ikauke haraka na idumu, hasa rangi za njano na ile nyekundu ya kuzuia kutu kwenye vyuma. Rangi ikiwa nzima ukutani haina shida kubwa. Shida ni ikibanduka, na zaidi ikipigwa msasa mkavu. Vumbi lake laini hutua sakafuni, likashika vidoleni, kisha likaingia mdomoni. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ubongo unaokua ndio unaoumia: mtoto anashindwa kutulia, anabaki nyuma darasani, na mara nyingi hana hata homa ya kumshtua mzazi. Risasi nyingine hujificha mifupani kwa miongo. Msichana aliyeimeza utotoni akija kushika mimba, inaweza kurudi kwenye damu ikamfikia mtoto tumboni. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kwa hiyo nalowesha ukuta kabla ya kuugusa, natumia msasa wa maji, natandika turubai na kuziba milango kwa nailoni. Sichomi rangi kwa moto kamwe, maana mvuke wake nao una sumu. Nikimaliza sifagii; nafuta kwa kitambaa kibichi na maji ya sabuni, narudia tena na tena. Nguo za kazi nazivua hukohuko na kuzifua peke yake. Mafundi wa betri za magari, hili linawahusu hata kuliko mimi, maana betri hizo zina risasi ndani.

Wenye nyumba huniuliza pia kuhusu maji ya mabomba ya zamani, ambayo nayo huweza kuwa na risasi. Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani, risasi hubaki na kukolea, na ndivyo ilivyo kwa aseniki ya visimani, sumu isiyo na rangi wala ladha. Yapimwe maabara: kikomo cha WHO kwa kila moja ni mikrogramu 10 kwa lita.

Ukinunua rangi mpya, dai yenye risasi chini ya sehemu 90 kwa milioni.

Na kama mtoto alikuwamo kuta zikikwanguliwa, usisubiri dalili, mpeleke akapimwe damu. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, WHO inataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mpe pia vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi, kwa sababu mwili uliopungukiwa navyo hufyonza risasi zaidi.