Kabla ya mume, niulizwe mimi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, mume aruhusiwe kuingia leba mkewe anapojifungua?", nililisoma nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nikarudi nyumbani na unga kichwani huku nabishana nalo njia nzima. Jibu langu lilikuwa hapana. Leba zetu mnazijua. Vitanda vimebanana, pazia kama lipo limeng'oka upande mmoja, mama wa kitanda cha pili yuko mtupu na anamwita Mungu, halafu mume wa mwenzake apite hapo? Stara ya yule mwanamke ataitunza nani? Nilitaka kuandika hayo tu, mistari mitano, niishie hapo.

Nilipokaa kuandika, kilichonijia ni Aprili 2014 na kalamu iliyogoma kuandika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku milima ya Usambara. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa zahanati ya kijijini, saa sita tu za uchungu, jioni nikanywa uji wangu nimekaa. Kwa hiyo mimba ya pili haikunipa hofu. Kliniki walitufundisha mpango wa kujifungua, nami nikaufuata kama andalio la somo: nitajifungulia kituo cha afya, akiba ya fedha hii hapa, wa kunichangia damu ni kaka yangu, beseni lina khanga nne, pamba, glovu, nyembe na mpira wa kulalia. Kila kitu kilikuwemo. Ila mpango wote ule ulikuwa wa siku ambayo mambo yanakwenda sawa.

Uchungu ulinishika siku tisa kabla ya tarehe. Mume wangu alikuwa ameondoka mchana ule na lori la kabichi kwenda Dar. Nikaenda kituoni na mama mkwe. Saa nne usiku nesi akanipima, nimefunguka sentimita tano. Saa nane, sentimita saba. Nikajiambia alfajiri nitakuwa nimeshika mtoto. Saa kumi na mbili asubuhi akanipima tena: saba ile ile, na kichwa cha mtoto bado kiko juu.

Alikuwa na karatasi yenye miraba, wanaiita patografu, anatia alama kila akinipima. Aliiweka kwenye kimeza karibu na kichwa changu. Ina mistari miwili inayopanda mshazari, sambamba: wa kwanza wa tahadhari, wa pili wa kuchukua hatua. Alama yangu ya kwanza ilikaa juu ya mstari wa kwanza. Ya pili ilikuwa imeuacha mstari huo nyuma. Ya tatu imeupita hata ule wa pili. Mimi ni mwalimu, grafu naisoma. Nilimwangalia nesi, akageuza uso akaanza kukunja khanga ambayo ilikuwa imekunjwa tayari. Hapo ndipo niliogopa, kwa sababu ya ile khanga zaidi ya ile grafu.

Kisha chupa ikapasuka. Maji yalikuwa ya kijani, kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Nesi akatoka mbio, nikamsikia nje akimwambia mama mkwe kwamba mtoto amejisaidia tumboni, pale kituoni hakuna chumba cha upasuaji, lazima niende hospitali. Alimwambia mama mkwe. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, mlango uko wazi.

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mtu Tanga mjini. Tukapata pikapu ya mfanyabiashara wa mboga, bado ina harufu ya pilipili hoho, tukatandika magunia na mpira wangu juu yake. Masika, barabara utelezi, kona juu ya kona. Yule nesi alipanda nyuma pamoja nami, na kwa hilo nitamwombea dua hadi nife. Alipiga magoti ndani ya pikapu, kila baada ya muda anampigia dereva bati asimame, anaweka ile pembe ndogo ya kusikilizia mapigo ya mtoto juu ya tumbo langu, anainamisha sikio, anahesabu midomo ikicheza. Nilikuwa namtazama usoni kila akiinuka. Mara mbili alisema, "Yupo." Mara ya tatu akasema, "Yupo, lakini amechoka." Ndilo neno la kwanza nililoambiwa mimi mwenyewe tangu alfajiri, na niamini mhariri, lilinipa nguvu. Ukijua mwanao amechoka unajua kuna kazi ya kufanya.

Hospitalini walikuwa tayari kunipasua. Wakaleta fomu ya ridhaa. Aliyeileta hakunitazama, akauliza, "Mume yuko wapi?" Mama mkwe akasema yuko Dar. "Basi nani anasaini?" Mama mkwe akatoa simu, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akasema, "Tusubiri kidogo, mwenye mke wake aulizwe." Wakasubiri. Fomu ilikuwa juu ya kabati la dawa, kalamu mkononi mwa mama mkwe, na mimi nimelala katikati yao nikiumwa uchungu usioleta mtoto. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Zilipita dakika thelathini na tano. Katika muda huo mama mmoja mtu mzima, mgeni kabisa kwangu, aliniinamia sikioni akaniambia kama kuna mwanaume mwingine nimtaje, njia itafunguka. Mnaujua msemo huo. Niliolewa bikira, sina wa kumtaja, na bado nilijikuta natafuta kichwani kosa la kukiri ili mtoto atoke.

Daktari alipoingia akauliza kwa nini bado sijapelekwa. Akaambiwa. Akanijia mimi. "Mama, una miaka mingapi?" Ishirini na tisa. "Unanielewa ninachosema?" Nakuelewa. Akanieleza kwa sentensi tatu: mtoto amelala akiangalia juu na kichwa hakishuki, mapigo yake yanashuka, nikikubali anamtoa sasa hivi. "Basi wewe ndiye unayesaini." Kalamu ikagoma. Nikaikwaruza kwenye kiganja mpaka wino ukatoka, nikasaini. Doa lile lilikaa siku mbili.

Mtoto alitoka kimya. Walimkausha wakimsugua mgongo, wakamwekea kile kipumulio cha mkono, wanaminya na kuachia. Nilikuwa macho, maana ganzi ilikuwa ya mgongoni. Alipolia, alilia kama mtu aliyekatizwa usingizi. Yuko darasa la tano sasa.

Watu walikuja kuniona. Mtoto wa kwanza walisema hongera. Huyu wakasema pole. Jirani mmoja akasema siku hizi wanawake hawana subira ya kusukuma. Nimebeba neno hilo miaka yote hii, nalitua hapa.

Mama mkwe nilimkasirikia muda mrefu, na nilipoanza barua hii bado nilikuwa na kinyongo naye. Lakini nikiandika nimekumbuka jioni moja, mtoto ameshaanza kutembea, tunachambua maharage, akaniambia bila kuulizwa kwamba mdogo wake wa tumbo moja aliingizwa kupasuliwa mwaka 1987 na alitoka amefunikwa shuka. Aliyesaini ni yeye. Kwa hiyo asubuhi ile hakuwa ananinyima ruhusa. Mkono ule ulikuwa umeshasaini mara moja. Sijui ningefanya nini ningekuwa yeye, na sioni tena kwamba kosa lilikuwa lake. Kosa ni la aliyempa kalamu.

Sitaki mtu aseme natetea kisu kwa kila mzazi. Shirika la Afya Duniani lenyewe mwaka 2018 lilieleza kwamba kufunguka chini ya sentimita moja kwa saa peke yake si sababu ya kumharakisha mama, wapo wanaokwenda polepole na wanazaa salama. Kwangu kulikuwa na mambo matatu kwa pamoja: njia imesimama, kichwa kiko juu, maji ya kijani. Tena mambo yamebadilika. Siku hizi ipo m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, unapiga 115 bure, na gari la wagonjwa likiwa mbali anatafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, hakuna kukimbizana na pikapu ya hoho. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakuta 104. Vituo vingi vya afya sasa vinapasua vyenyewe. Nashukuru kwa dhati. Lakini gari likifika mapema na fomu ikasubiri simu ya Dar, tumeokoa nini?

Narudi kwenye swali lenu, maana naona nimelikimbia. Nilisema hapana. Sasa nafikiri mume wangu angekuwemo mle ndani siku ile angesaini kwa dakika moja, namfahamu. Na angekuwa mtu wa kuniambia kinachosemwa nje ya mlango. Shirika hilo hilo linashauri kila mama awe na mtu wa kumsindikiza anayemchagua mwenyewe, na kama chaguo langu ni mume, nani anizuie? Kwa hiyo aingie. Aingie pale tu penye pazia linalofunga, pale mama wa kitanda cha jirani hatavuliwa stara yake kwa ajili yangu. Pasipo na pazia abaki nje, aingie dada au mama. Na kama mke hamtaki, asiingie hata kama leba ni chumba cha peke yake. Naona jibu langu limekuwa ndiyo yenye masharti mengi kuliko hapana niliyoanza nayo. Hata hivyo, kuingia kwake kusiwe sababu ya fomu kupelekwa kwake nikiwa na akili zangu timamu.

Mimba ya mtoto wa dada yangu inatimiza miezi minane mwezi ujao. Mumewe anataka kuingia naye. Nimemtuma aende akaangalie kwanza hilo pazia. Na binti mwenyewe jana nimekaa naye na daftari langu la hesabu, nikamchorea miraba, mistari miwili ya mshazari na alama tatu, nikamfundisha kumuuliza nesi: "Dada, karatasi yangu inasemaje?"

Mwalimu, Usambara