Kujua kama mchoro wa nyumba za shamba ni wa kale

Dada, umeuliza kama mchoro wako wa Kiingereza wa ghala na nyumba za shamba, wa kalamu na rangi za maji, ni wa kale au umechapwa. Sahihi usiiamini sana, huongezwa baadaye. Toa karatasi kwenye fremu taratibu (ikiwa imegandishwa, iache), uimulike dirishani. Ukiona ndani ya karatasi jina J WHATMAN, watengenezaji wa karatasi wa Kent, Uingereza, na mwaka, tuseme 1805, basi haukuchorwa kabla ya hapo. Kisha shika lenzi: rangi ya mkono hukauka na ukingo uliokolea, chapa ya mashine huonyesha vidoti. Anga likiwa la waridi, huenda buluu ya nili imepaushwa na mwanga. Usiutundike penye jua.