Barua kwa mwanangu: dengu zako zina maji

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Sisi huku Shinyanga wazima, ila goti la mama yako linamsumbua tangu juzi na kukaa chini hataki. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza zile dengu za kutafuna ninazowatengenezea wajukuu wakija likizo nazifanyaje, maana umejaribu mara mbili: mara ya kwanza zikawa mawe, mara ya pili zikatoka vizuri asubuhi, lakini watoto kurudi shule saa kumi zimeshalegea kama maharage ya jana. Na unataka uwapunguzie kripsi. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu mama yako huwa ananipokonya maneno.

Kwanza, ulinunua nini? Huko Nairobi ukisema ndengu, unapimiwa choroko. Kama zilikuwa punje ndogo za kijani, hizo si dengu zetu, wapikie mchuzi. Nenda kwenye duka la Mhindi uulizie kabuli chana. Hizo ni kubwa, za rangi ya krimu. Za kwetu Kishapu ni ndogo, kahawia, zina kona kona na kidomo kama cha kifaranga. Wahindi wanaziita desi. Zote zinafaa. Za kwetu ganda lake ni nene, zinachelewa kuiva, lakini zikikauka zina mlio mzuri zaidi. Hapo huenda nazipendelea kwa sababu ni za nyumbani.

Sasa shida yako. Umelaumu oveni, mimi nalaumu maji. Dengu na maji hazipatani tangu shambani. Wewe ulikulia mjini, shambani ulikuwa unakuja kutembea tu, kwa hiyo huenda hukuwahi kuliona hili: dengu tunazipanda mvua zikielekea kuisha, Machi au Aprili, kwenye ule udongo mweusi wa mbuga. Mahindi yangekufa hapo. Dengu inaishi kwa unyevu uliobaki ardhini, na mvua ikirudi wakati imeanza kutoa maua, mkulima hafurahi, anashika kichwa. Tukiwa watoto tulikuwa tukipita katikati ya mashamba hayo alfajiri kuna umande, miguu inawasha hadi magotini, kwa sababu majani yake yanatoa asidi. Ukilamba kidole unasikia uchachu. Tulikuwa tunalamba.

Tuje jikoni. Nusu kilo ya dengu kavu chambua, osha, loweka usiku kucha kwenye maji mengi, maana zinavimba hadi mara mbili. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, chemsha. Kabuli huchukua kama saa moja, za kwetu zinaweza kuzidi hapo. Povu likipanda liengue. Najua mkiona kitu kigumu mkono unakwenda kwenye magadi. Usitie. Zitaiva haraka, ndiyo, lakini ganda linavuka na ladha inakuwa ya sabuni. Ziache ziive zenyewe mpaka ukiibonyeza punje kwa vidole viwili inapasuka, lakini haiwi uji.

Zile mawe zako za mara ya kwanza ni hapa zilipotokea. Nadhani uliziloweka tu ukazitia motoni bila kuzichemsha. Wahindi wanakausha dengu bila kuzichemsha, lakini wao wanazikaangia kwenye mchanga wa moto sana, zinafura na kupasuka ndani. Ukijaribu hivyo kwenye oveni ya nyumbani utawalipia watoto daktari wa meno.

Zikishaiva chuja. Usikimbilie oveni. Tandaza kitambaa safi cha pamba mezani, zimwage, funika na kingine, zisugue taratibu kwa viganja. Maganda mengine yatatoka, yatoe. Yasiyotoka yaache, usijitie kazi ya kumenya punje moja moja. Halafu fungua kitambaa uziache zipigwe na hewa saa nzima, hata mbili. Utaona rangi inabadilika. Punje yenye maji inang'aa, iliyokauka inafifia kama ukuta uliopakwa chokaa. Mpaka zififie zote. Hapa ndipo kila mtu anapokosea, na mimi nilikosea hapa mwaka mzima.

Washa oveni nyuzi 200, iwe imeshapata moto kabla hujaziingiza. Kwa kila vikombe viwili vya dengu tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, changanya kwa mkono, tandaza kwenye sinia zisipandiane. Zikipandiana zinatoa mvuke zinapikana upya. Kila dakika kumi na tano toa sinia ulitikise. Dakika 35 hadi 45 zinatosha, lakini saa usiiamini sana. Sikiliza. Mwanzoni zinagonga bati kwa sauti nzito, tup tup, kama udongo. Zikikauka zinalia kama kokoto kwenye debe. Mama yako yuko sebuleni na huwa anapaza sauti, "Bado hizo!" na mara nyingi anapatia.

Zikilia hivyo zima oveni, acha mlango wazi kidogo, zipoe kidogo humo humo. Viungo unatia zikiwa bado za moto, zikishatoka, si kabla. Kitunguu saumu cha unga na pilipili vikikaa motoni dakika arobaini vinaungua, vinakuwa vichungu. Mimi natia bizari nyembamba iliyosagwa, pilipili manga, chumvi ya kubana kwa vidole. Ndimu usikamulie mle, ni maji hayo. Anayetaka akamulie yake kwenye bakuli wakati wa kula.

Zile zilizolegea saa kumi: uliziweka kwenye kopo zingali na joto ukafunika, sivyo? Mimi niliwahi kufanya hivyo usiku, kujisifu kwingi, asubuhi kifuniko kinadondosha matone kwa ndani. Zipoe kabisa kwanza. Hata hivyo siku mbili, tatu, zitaanza kulegea tu. Zirudishe kwenye oveni dakika kumi. Tengeneza kidogo kidogo.

Unajua nilianzaje mambo haya? Machi 2018 India ilipandisha ushuru wa dengu zinazotoka nje hadi asilimia 60, na huku kwetu bei ikanywea. Magunia yetu matatu yakabaki pale ukumbini kama wageni wasioaga. Tukala dengu za nazi, dengu na wali, bagia, hadi mama yako akasema akiona dengu nyingine atahamia kwa dada yake. Ndipo nikaanza kuzikausha.

Kuhusu afya, usiwadanganye watoto kwamba ni dawa. Gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina protini gramu 9 hivi na nyuzinyuzi zaidi ya 7, na ndiyo maana mtoto akila konzi moja anatulia hadi chakula cha jioni, tofauti na kripsi. Lakini ukizikausha maji yanatoka, kwa hiyo uzito ule ule unabeba nguvu zaidi ya maradufu. Konzi moja, basi. Na hizi zisichanganywe na tambi za dengu zinazouzwa kwenye vifuko. Zile zinaogelea kwenye mafuta, ingawa, Mungu anisamehe, nazipenda.

Yule mdogo usimpe nzima. Sisemi kwa utani, mama. Mtoto wa miaka miwili na nusu, punje ngumu ya duara na mbio za sebuleni ni hatari, inaweza kumpalia na kuziba koo. Mpaka afikishe miaka mitano mtolee zake zikiwa zimechemka tu, uziponde na tui kidogo. Akilia kwa sababu kaka yake ana za kulia kru-kru, na alie.

Nimemfungia mjomba wako kilo mbili za Kishapu, anapita Sirari, pale mpakani, wiki ijayo na atazikabidhi kwa basi la Nairobi. Usizichemshe sufuria moja na za kabuli, hazitaiva pamoja. Siku ukizitia kwenye oveni nipigie, usogeze simu karibu na sinia ulitikise. Nitakwambia kama bado.

Msalimie mkwe.

Baba yako