Kwa nini Capablanca hakumla yule farasi wa f2?

Swali: Kocha, napitia gemu ya chesi ya Capablanca (mweupe) na Marshall (mweusi), New York 1918. Muvu ya 15 Marshall anatumbukiza farasi f2 (herufi ni safu, namba ni mstari wa ubao) na malkia wa Capablanca yupo f3 pale pale. Mbona hakumla, akasogeza ngome e2?

Jibu: Ndugu yangu huyo farasi anatega. Tuseme malkia kamla. Mweusi akiwa na haraka ataweka askofu g3 amtishe malkia, na hapo kaisha! Malkia anakula f7 cheki, ngome inamla, halafu ngome yako inapanda e8, mati (mfalme hana pa kukimbilia), maana ile ya f7 imebanwa na askofu wako wa b3 (ikitoka, mfalme anashambuliwa) haiwezi kurudi f8 kuziba, na ya a8 haifiki kwa sababu askofu wa c8 kakaa njiani. Tamu eeh? Ila Marshall asingecheza hivyo, angeanza na askofu h2 cheki. Mfalme akimla huyo askofu, au akienda h1, malkia wa f2 analiwa na malkia wa Marshall aliye h4, kwa hiyo lazima aende f1, ndo askofu anarudi g3. Sasa jaribu tena ule ujanja wa f7: ngome ikimla malkia inampa mfalme cheki, huna nafasi ya e8. Malkia akikimbilia e2, askofu wa c8 anakula h3 na moto unawaka. Tofauti yote ni mfalme kuhama g1 kwenda f1 tu.

Capablanca aliyaona hayo akiwa mezani, na ufunguzi wenyewe (aina ya Ruy Lopez, mweusi anasukuma askari d5 muvu ya 8 na kumwacha askari wa e5 aliwe) Marshall alikuja nao kaupika nyumbani. Ile stori kwamba aliuficha miaka mingi akimsubiri Capablanca tu, mimi siiamini sana. Mfalme wa Capablanca akatembea f1, e2, d3 mpaka c2, malkia wa Marshall akaenda kukwama g1 huko na askofu wake, Capablanca akasukuma askari wa upande wa pili taratibu, muvu ya 36 gemu imeisha.

Lakini usidhani ufunguzi ulikufa. Marshall muvu ya 11 alirudisha farasi f6, siku hizi watu wanacheza askari c6 na mweupe anapata tabu kweli na huyo askari wake mmoja wa ziada. Kama hujazisoma njia za c6, ukiwa mweupe cheza a4 au h3 muvu ya 8, hata Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, alikuwa anaikwepa hivyo hivyo.