Duka letu la maua Mtwara, na tulivyojifunza kuuliza kabla ya kutoa

Mama alipofungua duka la maua hapa Mtwara mjini aliweka sheria moja ambayo hakuiandika popote: shada la kaburi la mtoto haliuzwi. Mtu akija na msiba wa mtoto tunamkalisha, tunampa maji ya kunywa, tunafunga shada, anaondoka nalo. Hatumuulizi dini wala mtaa anaotoka. Kaka yangu aliwahi kumuuliza, "Mama, hata aliyekuja na gari?" Mama akamjibu, "Kwani mwenye gari hafiwi?"

Siku hizi duka tunaliendesha sisi watoto wake, na wenzetu wenye biashara ndogo huniuliza tunawezaje kurudisha kwa jamii wakati faida yenyewe ni ya kubangaiza. Nitasema tuliyoyapitia, maana mengine tuliyajua baada ya kukosea.

Jumamosi moja tulibakiwa na ndoo tatu za mawaridi. Harusi ilikuwa imeahirishwa, na mawaridi bado mazuri. Tukayafunga mafungu madogo madogo kwa utepe, tukayapeleka wodi ya wazazi katika hospitali mojawapo, tukijua tunapeleka furaha. Sista wa zamu alitupokea vizuri sana, lakini hakuruhusu maua yaingie wodini. Alituonyesha kwamba hapakuwa na mahali pa kuweka hata kopo la maji, na maji ya maua yakikaa yanazalisha vijidudu karibu na vichanga na mama wenye vidonda vya upasuaji. Kisha akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, ungeniuliza jana ningekuambia. Kuna mama analetwa usiku kutoka kijijini kwa dharura, hana hata kanga ya kumfungia mtoto."

Tulirudi na ndoo zetu tatu. Njiani sikusema kitu. Nilikuwa nawaza juu ya huyo mama, na juu yangu mimi niliyekata utepe asubuhi nzima bila kupiga simu moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: nenda mikono mitupu kwanza. Kaa na sista, na mwalimu, na balozi wa mtaa, uliza, sikiliza. Maua yanayotubakia sasa tunayafunga mafungu ya jioni, tunayaweka mlangoni kwa bei ya chini, watu wakitoka kazini wanayachukua. Pesa yake inaingia kwenye kopo la peke yake, na kopo hilo ndilo linalonunua kanga na mabeseni. Kila mwisho wa mwezi dada yangu anampigia sista kabla ya kwenda dukani, kwa sababu mahitaji yanabadilika.

Jambo la pili linawahusu hasa wafanyabiashara wa kusini. Huku kwetu pesa ina msimu. Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi na wakulima wakaanza kulipwa, harusi zinafuatana, mashada ya maharusi yanatoka hadi tunakesha. Mvua zikikolea, duka linapwaya. Zamani tulikuwa tunatoa kwa mkupuo wakati wa neema, halafu mwezi wa tatu au wa nne anakuja mtu mwenye shida kweli na sisi hatuna kitu. Sasa katika kila shilingi 10,000 ya msimu tunatenga 500, na hatuigusi mpaka masika. Ni fedha ndogo, lakini inakuwepo siku inapohitajika.

Ninaloliamini kuliko yote, hata hivyo, ni la Mikindani, mji mkongwe wa pwani jirani na hapa kwetu.

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua kubwa pamoja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kuja kusini, upande wa Kilwa, kule Somanga. Mawaridi yetu hutoka Arusha, yanafika Dar, yanapanda basi zaidi ya kilomita 500 kutufikia. Basi halikuja, na harusi tulikuwa tumekwisha kuipokelea kianzio. Mama akasema, "Nendeni Mikindani. Mnadhani sisi tuliolewa na mawaridi ya Arusha?"

Tulielekezwa kwa bibi mmoja mwenye miasmini mitatu nyuma ya nyumba na rihani imejaa pembeni mwa mahali pa kuoshea vyombo. Tulimwamkia, akaitikia, akacheka alipoona tumekuja na ndoo saa tano asubuhi. "Asmini haichumwi jua hili, wajukuu zangu. Rudini alasiri ikishapita." Tuliporudi alitufundisha: chuma iliyofumba, iliyovimba, nyeupe kama punje ya mchele. Iliyokwisha kufunguka iache mtini, maana itageuka kahawia kabla bibi harusi hajatoka ndani. Akaziviringisha kwenye kitambaa kibichi, akatupa na rihani. Usiku ule tulitunga vikuba, vile vishada vidogo vya asmini na rihani vya kujipamba, kwa sindano na uzi, na zikafunguka zikiwa mikononi mwetu, duka zima likanukia. Kwa mapambo ya meza tulichomeka bugenvilia kwenye vipande vya mgomba mbichi badala ya ile sponji ya kijani. Mgomba unashika maji vizuri, na ukimaliza kazi unaoza shambani. Sponji ile ni plastiki, haiozi.

Barabara ilitengenezwa, mawaridi yakarudi, lakini hatukuacha kununua kwa bibi. Sasa tunachukua pia kwa majirani zake. Bei tunakubaliana kabla ya kuchuma, tunalipa siku hiyo hiyo mkononi, na asmini isipouzwa hasara ni yetu. Hilo la mwisho ni muhimu. Ukimrudishia mama mzigo uliomwagiza mwenyewe, umemtwika hatari ya biashara yako.

Bibi yule hakuwahi kumuomba mtu msaada. Angepelekewa mfuko wa unga akapigwa picha ameushika, nina hakika angeona haya mbele ya majirani. Lakini pesa ya asmini anaihesabu hadharani, barazani, na anamtuma mjukuu daftari za shule kwa sauti kubwa. Kama una duka, kabla hujafikiria cha kugawa, angalia kwanza unanunua kwa nani. Na picha za wanaopokea, tafadhali, tuziache.

Miche ya vivuli kwa shule nayo tunatoa, ila tuipeleke mvua zikianza, Desemba, na pawe na mwalimu aliyekubali kuisimamia. Ile tuliyowahi kupeleka Julai ilikauka kwenye viriba vyake.

Alhamisi iliyopita mjukuu wa bibi alikuja dukani na kitambaa cha asmini na fungu la rihani. Nikamhesabia pesa ya vyote. Akarudisha noti moja mezani.

"Bibi amesema rihani usiilipie. Amesikia kuna mtoto anazikwa Magomeni hapa mjini leo."