Ghorofa zinajengwa kando ya bustani ya mtaa: anzeni na mpaka kabla ya mabango

Ndugu, umesema kiwanja kinachopakana na bustani ya mtaa wenu kimezungushiwa mabati, inasemekana linakuja jengo la makazi la ghorofa 16, na wakazi wana hasira wanataka kuandamana Jumamosi. Unauliza kama kuna mtu hapa amewahi kupitia hayo akafua dafu. Nimeyapitia, hapa hapa Nairobi, na dafu lenyewe nililifua nusu. Mimi si wakili, ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo chukua ninayosema kama maneno ya jirani.

Kwanza kabisa tafuteni mpaka wa bustani ulipo. Bustani yetu si kubwa: mijakaranda michache, mabenchi ya zege, kona ya bembea, na wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda. Kila mtu alijua ni mali ya umma, ila hapakuwa na mtu mwenye karatasi yoyote ya kuonyesha. Bustani nyingi za mitaa yetu zilitengwa kwenye ramani wakati ploti zinagawanywa, hati zake zikabaki ni hadithi. Na ardhi isiyo na hati ikikaa kando ya ardhi yenye hati, ukuta hutembea usiku.

Tulinunua ramani ya upimaji kwenye ofisi za upimaji kule Ruaraka, tukauliza rasmi masjala ya ardhi, kwa namba ya kile kiwanja, mwenyewe ni nani, kisha tukachanga tukamleta mpima ardhi mwenye leseni. Msaidizi wake aliinama kwenye ua wa miba akiwa na panga, akafyeka, akafukua udongo kwa mikono, na chini yake kikatokea chuma kimeshikwa na saruji. Hiyo ndiyo bikoni, alama ya mpaka. Mabati yalikuwa yameipita yakaingia upande wa bustani, upana wa kutosha kuegesha lori la mchanga. Tulipiga picha chuma, mabati na utepe wa kupimia vyote kwa pamoja, tukaambatisha ripoti ya mpima, tukapeleka barua kaunti na nakala kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na kila nakala yetu tukahakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mabati yalirudishwa nyuma bila kelele wala maelezo. Hilo peke yake lilikuwa na thamani kuliko maandamano yote tuliyowahi kuyapanga.

Sasa tarehe. Hapa ndipo wakazi wengi hufia. Kama kiwanja hicho kilikuwa cha nyumba ya familia moja, mwenyewe lazima aombe kubadilisha matumizi ya ardhi, na ombi hilo hutangazwa gazetini na kwenye ubao kiwanjani. Matangazo ya aina hii kwa kawaida hutoa siku 14 za kupeleka pingamizi kwa maandishi. Huwa yako kurasa za nyuma, kwa herufi za kusomwa na siafu, na ubao wenyewe utaukuta umegeukia ukuta au umefunikwa na mchongoma. Baadaye linakuja tangazo la NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuhusu ripoti ya athari za mazingira, nalo mara nyingi hutoa siku 30. Kibali cha ujenzi kikishatolewa na kaunti, anayelalamika ana siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya maridhiano ya mipango ya kaunti, ile iliyoundwa na sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Leseni ya NEMA yenyewe hupingwa mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira (kwa Kiingereza National Environment Tribunal), na hapo fanyeni hesabu ya siku 60. Nimeona majirani wenye hoja nzuri kabisa wakirudishwa mlangoni kwa sababu walikuja wiki moja baada ya mlango kufungwa.

Mkipata ripoti ya athari za mazingira, msiishie kwenye utangulizi. Nendeni moja kwa moja kwenye viambatisho nyuma, zilipo fomu za wakazi waliohojiwa. Yetu ilisema wakazi wameukaribisha mradi. Tulipopitia fomu, baadhi ya waliohojiwa hawakuwa wakazi wa mtaa huu wala mtaa wa jirani. Msidhani hilo ni jambo dogo. Mwaka 2019 leseni ya kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu ilifutwa na Baraza hilo hilo, na ushirikishaji mbovu wa wananchi ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Ofisi ya umma ikiwanyima nyaraka, iandikieni mkitaja sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016, ambayo inaipa siku 21 kujibu.

Kuhusu hoja zenyewe: tulikusanya saini nyingi chini ya karatasi iliyosema "hatutaki ghorofa". Hakuna aliyeitilia maanani. Kilichosikilizwa ni namba. Bomba la maji taka la mtaa wetu liliwekwa zamani kwa ajili ya nyumba chache zenye bustani zao, na mvua ya Aprili ikinyesha mifuniko tayari inafurika. Tuliuliza kwa maandishi: litabeba familia ngapi zaidi, na nani atalipanua? Hawakuwa na jibu.

Halafu kivuli, na hapa niruhusu nijigambe kidogo maana ndiyo kazi yangu. Jengo lilikuwa upande wa mashariki wa bustani. Nalo kwenye mpango lilikuwa la ghorofa 16, na kwa mita tatu kila moja ni mita 48. Mwezi Machi hapa Nairobi, mnamo saa nne kasorobo asubuhi, jua liko nyuzi 45 juu ya upeo, na kivuli cha kitu chochote hulingana na urefu wake. Yaani mita 48 ndani ya bustani, na kabla ya saa hiyo ni zaidi. Nilichora kwenye ramani ile ile ya upimaji, kivuli kikafunika bembea zote na mabenchi ya wazee. Mtu wa joto la Mombasa ataona kivuli ni neema, lakini baridi ya Julai ya huku mnaijua, na nyasi zisizopata jua hugeuka tope. Mchoro ule wa penseli ulijadiliwa kuliko saini zote.

Kuna anayeniuliza kila mara: si Mama Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, aliandamana akaiokoa Uhuru Park, bustani ya katikati ya Nairobi? Historia yake ni nzito kuliko hivyo. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 pale, aliandika barua kila upande, bungeni wakamkejeli, na alipokwenda Mahakama Kuu kesi ilitupwa mwaka huo huo kwa hoja kwamba hana haki ya kushtaki, maana hakuonyesha alivyodhurika yeye binafsi. Barua zile na kelele zake ndizo zilizowafanya wafadhili wa nje kusita na kujitoa, na uzio ukaondolewa 1992. Leo Katiba ya 2010, ibara ya 70, inasema anayekwenda mahakamani kutetea mazingira hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara. Mlango aliofungiwa yeye kwenu uko wazi, utumieni.

Nalisema na hili hata kama litaniletea maneno. Kwenye mkutano wetu kijana mmoja mpangaji alisimama akauliza, "Nyinyi wazee mna nyumba zenu. Sisi tutaishi wapi?" Alizomewa, nami sikuona haki katika kumzomea. Mji huu unahitaji nyumba, na baadhi ya waliopiga kelele kubwa hawakuijali bustani hata kidogo, walihofia bei ya nyumba zao. Tena wengine waliandika kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba ghorofa zitaleta "watu wa kila aina". Wakili wa upande wa pili alizipata jumbe hizo akazisoma mbele ya kamati kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Ambieni watu wenu mapema wachunge midomo.

Yetu iliishia hivi: ghorofa zilipunguzwa, upande unaotazama bustani ukaachwa wazi kwa upana fulani, na mwenye mradi akapewa sharti la kupanua bomba kabla ya watu kuhamia. Jengo lipo, watu wanaishi, watoto wao wanacheza kwenye bembea zetu. Hati ya bustani bado tunaifuatilia. Fedha zilikwenda zaidi kwa mpima ardhi na wakili, kwa hiyo chagueni mweka hazina asiye na aibu ya kutuma taarifa ya michango kila wiki, la sivyo mtagombana wenyewe kabla hamjamfikia huyo bwenyenye.

Jumamosi kama lazima mkutane, kutaneni hapo bustanini na ramani mkononi. Lakini usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi zunguka kiwanja chote, tafuta ubao wa tangazo, upige picha tarehe yake ionekane, uniwekee hapa. Ikiwa siku 14 hazijaisha, barua ya pingamizi ya ukurasa mmoja inatosha kwa kuanzia, na nitakusaidia kuiandika usiku huo huo.