Jibu: Hati safi ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania) haimaanishi hakuna fedha iliyopotea

Ndugu, umeuliza iweje jiji lipate hati safi ilhali mapato yanavuja. Hati hiyo inasema tu kwamba hesabu zimeandaliwa kwa viwango bila makosa makubwa; haithibitishi kila shilingi. Soma hoja zenyewe, yaani kasoro ambazo mkaguzi ameziandika kwenye ripoti. Anza na makusanyo ya mashine za POS (za kielektroniki za kukusanyia mapato): mkaguzi hulinganisha taarifa ya mfumo na stakabadhi za benki, na tofauti huweza kuwa fedha iliyobaki mikononi mwa wakusanyaji. Kisha tazama malipo yasiyo na viambatisho, mfano ankara bila hati ya kupokea mali. Ripoti hufika kwa Rais ifikapo Machi 31, halafu Bungeni, ambako LAAC (Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa) huwahoji wakurugenzi wa halmashauri. Mbane diwani wako: hoja ngapi za mwaka uliopita zimefungwa? Hapo ndipo wengi hulegea, na inauma.